Vitabu vya Tamaduni Mbalimbali kwa Wanafunzi wa Eastlands, Nairobi

Nia ya makala haya ni kuchunguza kwa ufupi swali ambalo mwalimu wa sekondari hana budi kujiuliza: mwanafunzi wa Eastlands asome vitabu gani ili azijue tamaduni zisizo zake? Jawabu jepesi ni kumpa vitabu vya nchi za mbali. Sisi twaonelea kwamba jawabu lafaa kuanzia katika historia ya mitaa anamoishi, maana mitaa hiyo haikupata kuwa ya utamaduni mmoja.

Pumwani ilianzishwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1920 ili Waafrika wa Nairobi wakae mahali pamoja. Watu wa makabila mengi walikutana humo, na Kiswahili kikawa lugha ya ujirani na ya biashara. Majina yenyewe ni historia tosha. Kariokor latukumbusha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Soko la Burma, askari wa Vita Kuu ya Pili. Jericho na Jerusalem yametoka katika Biblia. Na Kaloleni, mtaa uliojengwa katika miaka ya 1940, una jina la pwani.

Vitabu, hata hivyo, havikufuatana na watu. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa katikati ya mji mwaka 1931, na kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu. Matawi yake ya Kaloleni na Makadara ndiyo yaliyokuja kumfikishia mkazi wa Eastlands kitabu karibu na mlango wake. Kuhusu aina ya vitabu, mjadala mkubwa ulizuka Oktoba 1968, pale Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walipodai kwamba Afrika iwekwe katikati ya masomo ya fasihi, na fasihi za kwingineko zitazamwe kutoka hapo. Kwa kufuata kanuni hiyo, twapendekeza vitabu vitatu.

Cha kwanza ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotolewa mwaka 1934. Mwandishi alikuwa wa kizazi cha watumwa waliokombolewa na kupewa makao Frere Town, Mombasa. Mtaa wa Mbotela, Eastlands, umepewa jina la Tom Mbotela, mtu wa ukoo huo aliyepata kuwa makamu wa rais wa Kenya African Union na ambaye aliuawa Nairobi mwaka 1952. Wako watakaosema kwamba kitabu hiki kinawasifu mno Waingereza, nao wana haki. Walakini kukificha si dawa. Mwanafunzi aulizwe ni nani anayesimulia, anamshukuru nani, na kwa sababu gani. Hapo atajifunza kusoma kwa kupima.

Cha pili ni Coming to Birth cha Marjorie Oludhe Macgoye, cha mwaka 1986. Mwandishi alizaliwa Southampton, Uingereza, akaja Kenya mwaka 1954, akaolewa na Mluo. Riwaya yaanza mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari, msichana Paulina anapowasili Nairobi kwa gari la moshi kumfuata mumewe Pumwani. Hapa msomaji wa Eastlands auona mtaa anaoujua kwa macho ya mgeni, nayo fasihi ya Kiingereza yamjia ikiwa na harufu ya nyumbani.

Cha tatu ni Siku Njema cha Ken Walibora, cha mwaka 1996, kilichopata kuwa kitabu teule katika shule za sekondari. Kijana Kongowea anaondoka Tanga na kuvuka mpaka kumtafuta baba yake nchini Kenya. Kiswahili ndicho kinachomwezesha kupita katikati ya watu wasio wa ukoo wake.

Yawezekana mtu akauliza: je, Shakespeare na Orwell watupwe? La hasha. Mwalimu Nyerere alimtafsiri Shakespeare, na Fortunatus Kawegere alitupatia Shamba la Wanyama mwaka 1967. Tafsiri hizo zifuate baada ya vitabu vya karibu, ili mwanafunzi awe na kipimo cha kulinganishia.

Suala hili si la darasani peke yake. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilifika hata katika mitaa ya Eastlands, na majirani wa miaka mingi wakatazamana kwa kabila. Hatudai kwamba riwaya ingalizuia maafa hayo. Twadai tu kwamba kijana asiyefundishwa jinsi mtaa wake ulivyojengwa na watu wa asili mbalimbali ni rahisi kuamini anapoambiwa kuwa jirani yake ni mgeni. Kwa hiyo vitabu hivi visiachwe pindi vinapoondolewa katika orodha ya mtihani. Viwekwe katika maktaba za shule na za mitaa, visomwe na kujadiliwa.