Aliyetunga Kipimo: Maandishi ya Ukaguru kabla ya Kompyuta

Programu za kuchapisha kwenye mtandao siku hizi hupimwa na programu nyingine. Fundi akibadili msimbo, seva huendesha mlolongo wa majaribio: hufungua ukurasa, huandika kichwa cha habari, hubofya kitufe cha kuchapisha, kisha hulinganisha kilichotokea na kilichotarajiwa. Wengi huhesabu historia ya kazi hii tangu zana za majaribio kama JUnit ya Kent Beck na Erich Gamma mwaka 1997, au Selenium iliyoanzia Chicago mwaka 2004. Kwa upande wa zana, wana hoja. Lakini swali la nani apime maandishi, na kwa kigezo gani, lilikwisha kufika kwenye vilima vya Ukaguru, wilayani Kilosa, zaidi ya karne moja kabla.

J. T. Last, mmisionari wa Church Missionary Society (CMS) aliyekaa Mamboya, alichapishiwa sarufi ya Kikaguru London mwaka 1886. Lugha ilisemwa Mamboya na Berega. Lakini herufi za risasi za kitabu hicho zilipangwa na fundi wa Uingereza. Fundi huyo aliweza kupima jambo moja tu, kama chapa inafanana na muswada. Muswada ukikosea, chapa ilikosea kwa uaminifu mkubwa. Zanzibar, alikofika mmisionari Edward Steere mwaka 1864, hali ilikuwa nafuu: katika kiwanda cha chapa cha misheni yake, Universities' Mission to Central Africa (UMCA), herufi zilipangwa na vijana waliookolewa utumwani, ambao Kiswahili kilikuwa lugha yao ya kila siku. Na kote kuwili sahihisho lilikuwa na hatari yake. Ukichomoa herufi moja, mstari husogea, na kosa jipya huzaliwa pale ulipoponya la zamani. Kwa hiyo prufu husomwa upya. Majaribio ya kompyuta hurudiwa yote kila badiliko linapoingia kwa sababu hiyohiyo.

Baadaye kipimo kilipata ofisi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kukagua vitabu vya shule vya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Mtoto wa Berega akawa anafundishwa kwa vitabu vilivyopimwa kwa lahaja ya Unguja, na kamati ambayo hadi miaka ya 1940 haikuwa na mjumbe Mwafrika. Atakayeitetea atasema kwamba bila yake kila misheni ingebaki na tahajia yake, na vitabu visingevuka mpaka. Ni kweli, na faida hiyo tunaila hadi leo. Ila tahajia ikifaulu haithibitishi kwamba msomaji ameelewa, na kamati hiyo iliundwa kusanifisha lugha.

Kuna pingamizi zito zaidi dhidi ya kulinganisha kamati na majaribio ya kompyuta: mashine haina lahaja wala upendeleo. Mashine haina, mtunga jaribio anao, tena mara nyingi bila kujua. Chukua neno ng'ombe. Programu nyingi hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda ili ukurasa upendeze. Msomaji akitafuta neno hilo kwa ritifaa ya simu yake, iliyonyooka, injini isiyosawazisha alama hizo humjibu kwamba hakuna kitu. Katika Kiingereza ritifaa hukaa zaidi kwenye vijineno ambavyo hakuna anayevitafuta, kwa hiyo majaribio yote yanaweza kufaulu na kasoro ikabaki palepale. Jaribio la kuinasa ni mistari michache: andika ng'ombe, chapisha, tafuta kwa ritifaa zote mbili, dai ukurasa uleule. Likishaandikwa, seva italirudia kila usiku bila kuchoka, jambo ambalo msoma prufu yeyote angelitamani. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulionyesha kwamba wenye lugha wanaweza kukaa ndani ya karakana ya programu. Bado majaribio ya aina hii huwangoja wao, kwa kuwa fundi asiyeandika ng' hana sababu ya kuyafikiria.