Mabwawa ya Bittell na Historia ya Uvuvi wa Mshipi Karibu na Longbridge

Longbridge, kitongoji kilichoko kusini-magharibi mwa jiji la Birmingham nchini Uingereza, kinajulikana zaidi kwa kiwanda cha magari kilichoanzishwa na Herbert Austin mwaka 1905 kuliko kwa uvuvi. Hata hivyo, kusini mwake yako mabwawa mawili ya Bittell, la Juu na la Chini, ambayo historia yake inaeleza kwa nini anayepanga safari ya kuvua huko huanza na suala la umiliki wa maji, ndipo afikirie ndoana na chambo.

Asili ya mabwawa hayo ni uhaba wa maji. Eneo lenyewe ni mgongo wa nchi unaotenganisha mikondo: mto Rea hupita Longbridge ukielekea Birmingham, na maji yake huishia katika Bahari ya Kaskazini, ilhali mto Arrow huteremka kusini, na maji yake hufika hatimaye katika mto Severn upande wa magharibi. Mfereji wa Worcester na Birmingham, yaani njia ya maji iliyochimbwa ili mashua zisafirishe makaa ya mawe na bidhaa nyingine, uliidhinishwa na Bunge mwaka 1791 na kukamilika mwaka 1815. Ili kuukwea mgongo huo ulihitaji vyumba 58 vya maji, vyenye malango ya kuinulia na kuteremshia mashua, na kila mashua iliyovipita iliteremsha maji mengi kutoka sehemu ya juu ya mfereji. Wenye vinu vilivyoendeshwa kwa nguvu ya mito walihofia kwamba mito ingekauka, nao wakalindwa na sheria. Kwa sababu hiyo Bwawa la Chini lilijengwa ili kuwafidia maji wenye vinu vya mto Arrow, na Bwawa la Juu likafuata mwaka 1832 ili kuulisha mfereji wenyewe.

Mvuvi, basi, aliyakuta maji yaliyokwisha kuwa na mwenyewe. Hali ilikuwa tofauti katika bwawa la Nyumba ya Mungu kwenye mto Pangani, Tanzania, lililojengwa katika miaka ya 1960 kwa ajili ya umeme na umwagiliaji, ambako wavuvi wa riziki walimiminika na kupiga dago, yaani kambi za msimu, kandokando ya maji mapya. Bittell haikuzaa dago, kwa kuwa haki ya kuvua ilifungamana na umiliki na ukodishaji, na uvuvi wa huko ukawa mikononi mwa klabu ya Barnt Green, ambayo huvua kwa utaratibu wa uanachama.

Vifaa havikuwa mbali. Mji wa Redditch, kusini mwa mabwawa hayo, ulikuwa kitovu cha utengenezaji wa sindano, na mafundi wake waliojua kukata, kuchonga na kuimarisha waya wa chuma waligeukia pia ndoana, hata kampuni ya Allcock ikauza zana za uvuvi ng'ambo. Reli iliyofika Redditch mwaka 1859 kupitia Barnt Green ilirahisisha safari za watu wa mjini, na mwaka 1883 wavuvi wa Birmingham waliunda shirikisho lililounganisha vyama vyao.

Sheria nayo iliingia katika mpango wa safari. Sheria ya mwaka 1878 iliweka msimu wa kufunga uvuvi, ambao ni kipindi cha kuwaacha samaki wasio wa jamii ya samoni wazaliane. Katika mito bado hudumu kuanzia Machi 15 hadi Juni 15, ingawa tangu mwaka 1995 uliondolewa katika maji mengi yaliyotuama. Leseni ya serikali, inayohitajika kuanzia umri wa miaka 13, humruhusu mtu kutumia fimbo ya kuvulia, lakini haimpi haki ya kuingia katika maji ya mwingine.

Hivyo leseni na ruhusa ya mwenye maji ni mambo mawili tofauti, na tofauti hiyo ina mizizi katika ujenzi wenyewe. Mabwawa haya yalichimbwa ili kusuluhisha madai ya kampuni ya mfereji na wenye vinu. Vinu vilipotoweka na mashua za mizigo zikaachwa, haki za umiliki zilibaki, na mvuvi wa leo hupanga safari yake kwa kuzifuata.