Anthropolojia, Ualimu na Mtoto Mwenye Hofu Chini ya Mlima Meru

Katika nchi iliyo kati ya Kilimanjaro na Meru, kazi ya kuchunguza mila na kazi ya kufundisha watoto zilianza mikononi mwa watu wale wale. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, walioanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, walilazimika kujifunza lugha na desturi kabla ya kufungua madarasa. Meru waliingia kwa gharama kubwa: Oktoba 1896 Ewald Ovir na Karl Segebrock waliuawa huko, na jeshi la Wajerumani likalipiza kisasi kikali kwa Wameru na Waarusha. Mwaka 1900 likajengwa boma la Arusha. Mji ulioota kandokando ya boma hilo ndio leo wenye kata ya Levolosi, ambako watoto wa Kiarusha, Kimeru, Kichaga, Kirangi na Kisomali hukaa dawati moja.

Mmisionari Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, aliandika juzuu tatu za mafundisho ya jando na unyago wa Wachaga, zilizotoka kati ya 1932 na 1938. Kazi yake ni hazina, lakini anayesikika humo ni mzee anayefundisha. Mtoto yupo kama msikilizaji tu.

Aliyemgeukia mtoto mwenyewe ni Otto Raum. Baba yake, Johannes Raum, alikuwa mmisionari na mwandishi wa sarufi ya Kichaga iliyochapishwa mwaka 1909. Otto alifundisha katika chuo cha ualimu cha Marangu, akasoma anthropolojia London, na mwaka 1940 akachapisha Chaga Childhood, kitabu kinachofuata malezi tangu mtoto anapozaliwa. Wakati huo waandishi wengi wa Ulaya waliamini kwamba elimu ya Mwafrika ilianza na kwisha kwenye jando. Raum alipinga. Alionyesha kwamba mtoto wa Kichaga hufundishwa kila siku: anapoachishwa ziwa, anapotumwa, anapokemewa, na zaidi ya yote anapocheza na wenzake kwa kuwaigiza watu wazima. Alionyesha pia kwamba ndani ya nyumba kuna mvutano. Mzazi hutaka utii, mtoto hupinga au hukwepa, na malezi huzaliwa katika kuvutana huko. Raum alikuwa mtoto wa mkoloni, na maandishi yake yana alama za zama zake. Hata hivyo, kwa mwalimu yeyote, kumwona mtoto kama mtu mwenye mambo yake moyoni ni hatua kubwa, na Raum aliipiga mapema.

Njia hiyo ya anthropolojia na ualimu ilipitwa pia na Jomo Kenyatta. Alisoma London chini ya Bronislaw Malinowski, akatoa Facing Mount Kenya mwaka 1938, chenye sura nzima juu ya elimu ya Wakikuyu, kisha aliporudi Kenya akaongoza chuo cha walimu cha Githunguri.

Kwa upande wa Meru, mchunguzi mkuu alikuwa Philip Gulliver, aliyeishi miongoni mwa Waarusha miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1963. Yeye hakuandika juu ya watoto bali juu ya usuluhishi wa migogoro. Hata hivyo, alichokieleza kinawahusu watoto sana. Waarusha, wakulima wanaosema Kimaasai, waliishi kwa marika: waliotahiriwa kipindi kimoja walikuwa wenza wa maisha, wenye wasemaji wao, na ugomvi wao ulizungumzwa katika kikao. Kijana mwenye hofu hakuachwa peke yake. Lakini utaratibu huo haukuwa laini. Kijana aliyepepesa macho chini ya kisu aliaibika yeye na ukoo wake. Wasichana walikeketwa, jambo ambalo sheria ya mwaka 1998 ilikuja kulifanya kosa kwa walio chini ya miaka 18. Anayetaka kuazima kitu kutoka mila hii achukue rika na kikao, aache aibu na kisu.

Baada ya uhuru, anthropolojia ilipoteza heshima kwa kuonekana mtumishi wa ukoloni, na sosholojia ikachukua nafasi yake chuoni. Nguvu ya taifa ilielekezwa shuleni. Azimio la Arusha lilifuatiwa mwezi mmoja baadaye, Machi 1967, na Elimu ya Kujitegemea, na mwaka 1977 ikaja elimu ya msingi kwa wote. Watoto walijaa madarasani, na anayenyamaza kwa woga alikuwa rahisi kusahaulika kati ya wengi. Mwaka 1984 mkutano wa viongozi wa elimu uliofanyika Arusha uliidhinisha huduma ya ushauri nasaha shuleni. Kwa muda mrefu huduma hiyo ilimaanisha hasa kuwasaidia wanafunzi kuchagua masomo na kazi.

Mwaka 2002 kanuni za adhabu zilipunguza viboko hadi visizidi vinne, vichapwe na mwalimu mkuu au aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Fimbo ilipungua katika kanuni, haikuondolewa. Mtoto anayeogopa kuchapwa hatamfungukia kwa urahisi mtu aliyeishika fimbo, na hapo ndipo mwalimu anayetoa ushauri nasaha anapokwama. Juu ya hofu ya fimbo kuna mtihani wa darasa la saba, kisha kidato cha kwanza, ambako Kiswahili hupisha Kiingereza ghafla. Wapo pia waliofiwa na wazazi.

Kwa watoto waliofiwa, ushahidi mzuri umetoka Moshi na Bungoma, Kenya. Watafiti walifuatilia yatima 640 na kuchapisha matokeo mwaka 2020. Sehemu yao walipewa tiba ya mazungumzo, wakikutana katika vikundi kila wiki, na walezi wao wakishirikishwa. Waliowahudumia walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo na usimamizi, si madaktari. Umbo la kikundi hicho lingefahamika kwa mzee wa Kiarusha: wenye umri unaokaribiana, wameketi pamoja, kila mmoja na zamu yake ya kusema.

Mhitimu wa anthropolojia anayetaka leo kazi ya kufundisha na kuwasaidia watoto kama hao ana njia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sosholojia na anthropolojia. Asiyesomea ualimu katika shahada ya kwanza huongeza stashahada ya uzamili ya elimu, inayotolewa pia na Chuo Kikuu Huria. Kwa elimu ya mahitaji maalumu kuna chuo cha Patandi, Tengeru, kilomita chache mashariki mwa jiji. Mtoto ambaye hofu yake imezidi uwezo wa mwalimu hupelekwa kwa afisa ustawi wa jamii au kwenye huduma za afya: kwa wakazi wa Levolosi, kituo cha afya cha kata kiko jirani, na ngazi za juu ni Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru na hospitali ya KCMC, Moshi.