Plastiki inayopitisha chaji: Kiini cha vioo vinavyobadili rangi

Madirisha ya ndege aina ya Boeing 787, ambayo Kenya Airways ilianza kuitumia mwaka 2014 na Air Tanzania mwaka 2018, hayana kizuizi cha kushusha kwa mkono. Abiria akibonyeza kitufe, kioo hugeuka buluu taratibu na kupunguza mwanga wa jua.

Vioo vya namna hiyo huendeshwa na umeme mdogo. Uimara wake hutegemea sana kitu kilichofichwa katikati yake: elektroliti, yaani maada inayopitisha chembe zenye chaji ziitwazo ioni.

Katika vioo vingi vilivyobuniwa kwa ajili ya majengo, elektroliti hukaa kati ya tando mbili nyembamba. Mmoja ni wa oksidi ya tangsteni, na wa pili, aghalabu wa oksidi ya nikeli, huhifadhi ioni. Umeme wa volti chache ukiwashwa, ioni za lithiamu huvuka elektroliti na kuingia katika oksidi ya tangsteni, huku elektroni zikiifikia kwa kupitia waya. Hapo oksidi hugeuka buluu. Umeme ukigeuzwa mwelekeo, ioni hurejea zilikotoka na kioo huwa angavu tena. Satyen Deb alieleza tabia hiyo ya oksidi ya tangsteni mwaka 1969.

Elektroliti haina budi kupitisha ioni peke yake, kwani ikiruhusu elektroni kupita, rangi hufifia yenyewe. Elektroliti ya kimiminika hufanya kazi haraka, lakini huweza kuvuja, na kioo kikivunjika humwagika. Ndiyo maana watafiti waligeukia polima, jamii ya maada inayojumuisha plastiki, ambayo pia hugandisha vipande viwili vya kioo pamoja.

Katika miaka ya 1970 Peter Wright na wenzake nchini Uingereza walieleza kuwa polima iitwayo oksidi ya polietilini, ikichanganywa na chumvi, hupitisha ioni. Mwaka 1978 Michel Armand wa Ufaransa alipendekeza itumike katika betri.

Tatizo lake ni joto la kawaida. Ioni husafiri kwa msaada wa minyororo ya polima inayochezacheza. Chini ya nyuzi joto 60 hivi za Selsiasi, sehemu kubwa ya minyororo hiyo hujipanga na kutulia, na ioni hukwama.

Suluhisho mojawapo ni jeli: polima iliyoloweshwa kiyeyushi, ambayo hupitisha ioni karibu sawa na kimiminika bila kutiririka. Hata hivyo, kiyeyushi huweza kukauka, na miale ya jua huidhoofisha polima.

Betri ya simu ikichoka hubadilishwa baada ya miaka michache. Kioo cha ghorofa hutarajiwa kudumu kwa miongo kadhaa, kikipigwa na jua kila siku, na hapo ndipo elektroliti hupata mtihani wake mkubwa.