Mjonso, Dawa ya Minyoo Katika Milima ya Mahale

Aghalabu wenye kuandika tarikhi ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kukoma Ujiji, husimulia pembe za ndovu, wapagazi wa Kinyamwezi na nyumba za Waarabu wa Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872. Ilhali tiba ya watu wa njia hiyo, ambayo kwangu ina thamani kupita pembe zote, huitaja kwa nadra. Magharibi ya Tabora, ukivuka Malagarasi kuelekea kusini, ndiko kwa Watongwe, nao katika milima ya Mahale, kando ya ziwa Tanganyika, walizoea tangu kale kumtazama mnyama mgonjwa ili wajue dawa.

Ukoo wa Kalunde husimulia kwamba mzee wao, Babu Kalunde, alimwona mtoto wa nungunungu mwenye kuharisha akichimba mizizi ya mulengelele, akaila, akapona. Naye akawatibu kwayo watu wa kijiji chake waliokuwa na maradhi mfano wa hayo. Mjukuu wake, Mohamedi Seifu Kalunde, alirithi uganga huo, na mwezi wa Novemba 1987, akiwa msituni pamoja na Michael Huffman, mtaalamu wa sokwe, alimwona Chausiku, sokwe jike aliyedhoofika, akivunja tawi changa la mti uitwao mjonso, akiambua gome na kuacha majani, kisha akitafuna kiini chake kichungu na kufyonza maji yake. Mzee Seifu akaeleza papo hapo kuwa hiyo ni dawa ya tumbo kwa Watongwe pia. Na siku ya pili Chausiku alikuwa amepata nguvu.

Uchunguzi uliofuata ulidhihirisha sababu: sokwe wa Mahale husumbuliwa, hasa wakati wa mvua, na minyoo ifanyayo vinundu katika utumbo, na mmoja aliyetafuna mjonso alionekana mayai ya minyoo katika choo chake yakipungua kutoka 130 hadi 15 kwa gramu, kwa muda wa saa 20. Wengine humeza asubuhi, kabla ya kula, majani yenye kukwaruza bila ya kuyatafuna, nayo hutoka mazima pamoja na minyoo.

Habari ya Chausiku ilipochapishwa mwaka 1989, jina la Mzee Seifu liliandikwa pamoja na la Huffman, na hiyo ni insafu. Nawe msomaji wa Tabora, Uvinza au Kigoma, uliye na mzee ajuaye mizizi, kaa naye uandike maarifa yake angali hai, na jina lake uliandike.