Usizime daftari la SSD: Umeme hukatika bila kubisha hodi

NGUVU za umeme zilipopotea katika sehemu kubwa ya Kenya usiku wa Agosti 25, 2023, hakuna aliyepewa fursa ya kuzima tarakilishi yake taratibu. Katika mji wa viwanda kama Athi River, Kaunti ya Machakos, penye viwanda vya saruji na eneo la EPZ, giza laweza kumkuta karani akihifadhi orodha ya mishahara.

Kinachookoa diski yake wakati huo ni daftari la mfumo wa faili. Kabla ya kubadilisha mpangilio wa faili, mfumo hunakili mabadiliko hayo daftarini. Umeme ukirejea, daftari husomwa na mpangilio kurekebishwa upesi, bila kukagua diski nzima. Linux ilipata huduma hiyo katika ext3 mwaka wa 2001, kisha ext4 ikatangazwa kuwa thabiti mwaka wa 2008.

Ext4 ina njia tatu. Ile ya "journal" hunakili mpangilio pamoja na yaliyomo, hivyo data huandikwa mara mbili. "Ordered", ambayo ndiyo ya kawaida, huandika kwanza yaliyomo mahali pake, ndipo mpangilio uthibitishwe daftarini. "Writeback" haizingatii utaratibu huo. Ina kasi, lakini baada ya umeme kukatika faili yaweza kubeba data kuukuu.

Kwa kuwa seli za SSD huchakaa kwa kuandikwa, wapo wanaoshauri daftari lizimwe kabisa. Hofu hiyo imepita kiasi. Samsung 860 EVO ya gigabaiti 250, kwa mfano, ilikadiriwa na mtengenezaji kuhimili terabaiti 150. Anayeandika gigabaiti 20 kila siku angehitaji miaka 20 kuzimaliza.

Basi bakia na "ordered". Ukitaka kupunguza uandishi, ongeza "noatime" katika faili ya /etc/fstab ili kusoma faili kusisababishe kuandika, na uhakikishe "fstrim" inaendeshwa kila wiki.

Hata hivyo, daftari hulinda mpangilio, si kazi ambayo bado haijafika diskini. Kwa kawaida ext4 huthibitisha mabadiliko kila baada ya sekunde 5. Anayetunza hesabu za watu anahitaji pia betri ya akiba ya UPS, na nakala ya pili iliyowekwa mbali na mashine hiyo.