Namegabe, Chouchou

Chouchou Namegabe ni mwanahabari wa redio kutoka Bukavu, Kivu Kusini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kuwasikiliza wanawake walioumizwa na vita ndiko kulikomfikisha kwenye kazi ya hisani.

Aliingia Radio Maendeleo, redio ya jamii ya Bukavu, mwaka 1997, angali kijana. Mwaka 1999 waasi wa RCD, waliokuwa wameushika mji, waliifunga redio hiyo. Ikarudi hewani 2001.

Katika vita vya miaka hiyo ubakaji ulikuwa silaha, lakini kuutangaza kulikwama kwenye lugha. Mambo ya mwili hayasemwi hadharani huko, na katika lugha za Kivu halikupatikana neno la kulitaja tendo lenyewe. Namegabe na wenzake wakaazima "ubakaji" kutoka Kiswahili cha Tanzania. Msomaji wa Dar es Salaam amelizoea neno hilo magazetini. Kwa mama wa Kivu aliyekuwa akibeba siri yake kama aibu, lilikuwa jambo kubwa: yaliyompata yalipata jina, na jina hilo lilimnyooshea kidole aliyeyatenda.

Mwaka 2003 alishiriki kuanzisha AFEM, chama cha wanahabari wanawake wa Kivu Kusini. Wanachama walikwenda vijijini na vinasa sauti, wakakaa na manusura hadi wawe tayari kusema, kisha ushuhuda ukarushwa kwa sauti ya mwenyewe. Vijijini wanawake waliunda vikundi vya kusikiliza, wengi wakizunguka redio moja. Baadaye chama kilifungua kituo chake, Mama Radio.

Kazi hiyo ilifanyika mahali pa hatari. Serge Maheshe na Didace Namujimbo, wote wanahabari wa Radio Okapi, walipigwa risasi Bukavu, mmoja Juni 2007, mwingine Novemba 2008. Namegabe hakunyamaza: tarehe 13 Mei 2009 alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani, na mwaka huohuo akapewa Tuzo ya Kimataifa ya Uandishi wa Habari ya Knight.

Kunasa sauti hakukumtosha. Manusura aliyemaliza kusimulia alirudi nyumbani kwenye njaa ileile, na watoto walewale wa kulisha. Namegabe akaanzisha Anzafrika, shirika linalowasaidia wanawake na watoto wa vijijini Kivu Kusini.